Vifaranga Dhaifu Baada ya Kuanguliwa: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Kifaranga dhaifu ana saa chache tu za kuokolewa, na mara nyingi saa hizo hupotea kwa sababu mfugaji huanza na dawa kabla ya kutazama. Akiona vifaranga wawili watatu wamesinzia, hukimbilia duka la pembejeo kununua oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, na kuichanganya kwenye maji ya kundi zima, ilhali wengi wa vifaranga hao hawana ugonjwa wowote wa bakteria. Wana baridi, au wana kiu, au wametoka kwenye yai na kasoro iliyoanzia ndani ya mashine ya kutotolesha siku kadhaa nyuma. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: joto kwanza, maji baadaye, kisha chakula, na dawa pale tu chanzo kinapokuwa kimejulikana. Umeandikwa kwa ajili ya mfugaji wa kuku mwenye mashine ndogo, anayelea vifaranga kwa taa au kwa jiko la mkaa, katika eneo ambalo umeme hukatika.

Umri wa kifaranga unaeleza mengi

Yai la kuku huanguliwa siku ya 21, na tatizo lolote linalofuata lina siku zake. Udhaifu unaoonekana katika saa 48 za mwanzo hutokana zaidi na mashine, safari au baridi. Vifo vinavyopanda kati ya siku ya pili na ya saba, huku matumbo yakiwa yamevimba, huelekeza kwenye kitovu. Vidole vinavyojikunja katika wiki ya pili huhusu lishe, na kuhara damu huja baadaye zaidi, mara nyingi kuanzia wiki ya tatu, kwa kuwa vimelea vya koksidiosisi huhitaji siku kadhaa za kuzaliana ndani ya utumbo kabla ya kuleta madhara. Anayempa kifaranga wa siku mbili dawa ya koksidiosisi anapoteza fedha, na anaacha ugonjwa halisi uendelee.

Amelala, hali, hasimami

Mshike mkononi na umguse miguu kwa shavu lako au upande wa shingo yako. Ngozi ya viganja vya mfugaji imekomaa na haipambanui joto vizuri, lakini shavu halidanganyi. Miguu ikiwa ya baridi, basi kifaranga amepoa, na hakuna jambo lingine la kufanya kabla ya kumpasha. Kifaranga wa siku ya kwanza hawezi kujitengenezea joto la kutosha, kwa hiyo hutegemea kabisa joto la nje. Joto la mwili likishuka, utumbo nao huzembea, na ndiyo maana uji, yai la kuchemsha au maji ya sukari aliyolazimishwa kumeza akiwa bado baridi hukaa humo bila kusagwa.

Mweke kwenye boksi dogo lililotandikwa kitambaa kisichoteleza, chini ya taa au karibu na chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye taulo, na uhakikishe kwamba joto kwenye usawa wa mgongo wake ni nyuzi 35 hivi. Upande mmoja wa boksi uwe na joto pungufu ili aweze kusogea akizidiwa. Ndani ya nusu saa hadi saa moja, kifaranga ambaye tatizo lake lilikuwa baridi tu huanza kuinua kichwa na kulia.

Hapo ndipo maji yanapofuata. Yawe ya uvuguvugu, na kwa saa chache za mwanzo unaweza kuchanganya kijiko kimoja kikubwa cha sukari au glukosi katika lita moja. Chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji mara moja, umwache ameze mwenyewe, kisha urudie. Akiwa hana nguvu ya kumeza, tumia bomba la sindano lisilo na sindano na umdondoshee tone moja moja pembeni mwa mdomo, usubiri kila mara mpaka ameze. Maji yanayosukumwa kwa nguvu katikati ya koo huingia kwenye njia ya hewa, na kifaranga aliyekuwa na nafasi ya kupona hufa akiwa mikononi mwako. Maji ya sukari yasizidi nusu siku. Baada ya hapo yanaharisha na kuchafua chombo, kwa hiyo rudi kwenye maji safi.

Kifaranga mwenye joto la kawaida lakini mwepesi mkononi, mwenye miguu iliyokauka na mishipa iliyojitokeza chini ya ngozi ya mguu, amepungukiwa maji. Hali hii huwapata walioanguliwa mapema wakaachwa ndani ya mashine zaidi ya siku nzima wakisubiri wenzao, na waliosafirishwa kwa basi kutoka mbali. Ni kweli kwamba kiini cha yai kilichobaki tumboni huweza kumshikilia kifaranga kwa siku mbili hadi tatu, na ndicho kinachowezesha safari hizo, lakini wengi huligeuza jambo hili kuwa ruhusa ya kuchelewesha maji na chakula. Kiini hicho kina pia kinga aliyoachiwa na mama, na kifaranga anayekula mapema hukifyonza vizuri zaidi. Jioni ya siku ya kwanza, papasa kifuko cha chakula kilichoko chini ya shingo: kikiwa kimejaa na laini, amekula na kunywa; kikiwa kigumu, amekula bila maji; kikiwa kitupu, hajaviona vyombo, au ana baridi mno hata kuvifuata. Papasa vifaranga 20 hivi kutoka pembe mbalimbali za bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto. Wengi wao wakiwa watupu, kasoro iko kwenye ulezi wako, wala usiitafute kwenye miili yao.

Jinsi kundi linavyojipanga

Kipimajoto ni muhimu, na wiki ya kwanza kisomeke nyuzi 32 hadi 35 kwenye usawa wa vifaranga, kisha joto lipunguzwe nyuzi mbili au tatu kila wiki. Hata hivyo, vifaranga wenyewe ni kipimo bora zaidi. Wakilundikana chini ya taa huku wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia kingo, mabawa yameachana na mwili na midomo iko wazi, wamezidiwa na joto. Wakijibanza upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili, au mwanga mkali unaowasumbua. Wanaoridhika huenea kote, wengine wakila, wengine wamelala pembeni, na sauti yao huwa ya chini.

Nyakati za hatari kubwa ni alfajiri, hasa katika maeneo ya baridi kama Njombe, Lushoto au Limuru, ambako bruda iliyokuwa sawa saa tatu usiku huwa imepoa kabisa saa kumi. Ukikuta asubuhi vifaranga waliokufa wamelala bapa wakiwa wamelowa, tena wamerundikana kwenye kona, usitafute ugonjwa: wamekandamizana. Zungushia bruda duara la hadibodi au boksi lenye kimo cha sentimita 45 hivi ili pasiwe na kona, na uwe na njia ya pili ya kupasha joto iliyo tayari kabla umeme haujakatika.

Wanaotumia jiko au chungu cha mkaa wauwashe nje mpaka uwake vizuri ndipo waingize, na waache nafasi ya hewa kutoka sehemu ya juu ya banda. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Vifaranga walioivuta husinzia, huyumba na kufa wengi kwa pamoja wakiwa na chakula tumboni. Gesi hiyo hiyo inaua watu, kwa hiyo mtu asilale ndani ya chumba cha bruda ya mkaa kwa sababu yoyote ile.

Tumbo lililojaa na kitovu kibichi

Mgeuze kifaranga chali na utazame tumbo. Kitovu kilichofunga vizuri huwa kikavu na hakionekani kirahisi chini ya manyoya. Ukiona kidonda chenye unyevu, kipele cheusi kama kifungo, au uzi uliokauka, kitovu hakikufunga sawasawa. Uzi huo usiuvute, kwa sababu unaweza kutoa utumbo. Paka tone la ayodini, tenga kifaranga mahali pakavu na umfuatilie.

Tumbo likiwa limevimba, laini kupita kiasi, ngozi imekuwa ya bluu au nyekundu na kuna harufu mbaya, bakteria wameshaingia kwenye kiini. Vifaranga wa namna hii hufa wengi ndani ya wiki ya kwanza, na tiba haina uhakika. Waondoe wasiendelee kuchafua maranda, na nguvu zako uzielekeze kwenye chanzo ili kundi lijalo lisipatwe. Mara nyingi chanzo ni mayai machafu yaliyookotwa sakafuni, mashine ambayo haikusafishwa baada ya awamu iliyopita, au bruda yenye maranda mabichi. Kuna pia kosa linalofanywa kwa nia njema: kuosha mayai kwa maji baridi. Yai lililo na joto likikutana na maji ya baridi, vilivyomo ndani hunywea na kunyonya maji yenye uchafu kupitia vitundu vya ganda. Yai lenye vumbi kidogo lifutwe kikavu. Lililopakaa kinyesi liende jikoni, lisiingie kwenye mashine.

Mashine nayo inaweza kuwa ndiyo yenye hatia, na hapa inafaa mfugaji awe na kumbukumbu za tarehe. Vifaranga walioanza kutoka kabla ya siku ya 20, wadogo, wenye vitovu vyenye damu, walipata joto la juu mno. Waliochelewa hadi siku ya 22 au 23, wakubwa, wazembe na wenye matumbo yaliyojaa, walipata joto pungufu, au umeme ulikatika kwa muda mrefu, au mayai yalikaa ghalani kupita kiasi. Yai linalotamiwa ndani ya siku saba tangu kutagwa hutoa kifaranga mwenye nguvu zaidi kuliko lililongoja siku kumi na zaidi. Mashine yenye feni inahitaji nyuzi 37.5. Isiyo na feni hupimwa kwenye usawa wa juu ya mayai, na pale joto linalofaa ni karibu nyuzi 38.5. Usiamini namba za skrini ya mashine bila kuzihakiki: weka kipimajoto cha kioo pamoja na kipimajoto cha homa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na ulinganishe, kisha utumie hicho cha kioo kuipima mashine. Tofauti ya nyuzi moja tu, ikidumu wiki tatu, inatosha kuharibu kundi zima.

Wanaonata na wanaolowa

Kifaranga aliyekauka huku vipande vya ganda na utando vimemgandia alikosa unyevu katika siku tatu za mwisho. Unyevu wa asilimia 50 hadi 55 unatosha mpaka siku ya 18, kisha upande hadi 65 au 70. Sababu ya kawaida ya kuukosa ni kufungua mashine kila mara ili kutazama walioanguliwa. Kila ufunguzi hutoa mvuke nje, na utando hukauka ukambana yule ambaye ndiyo kwanza ametoboa ganda. Anayenata kwa ute mzito, mwenye harufu na tumbo kubwa, ana kisa cha kinyume: unyevu ulizidi tangu mwanzo, joto lilipungua, au hewa haikuzunguka.

Kuhusu kumsaidia kutoka kwenye ganda, subiri. Kati ya kutoboa na kutoka huweza kupita saa 12 hadi 24, na katika muda huo kifaranga anamalizia kuvuta damu na kiini mwilini. Ukibandua ganda na kuona mshipa mwekundu kwenye utando au tone la damu, acha mara moja, lowesha utando kwa maji ya uvuguvugu na urudishe yai kwenye mashine. Wengi wa wanaotolewa kwa nguvu ndio wanaokuja kuwa wagonjwa wa kitovu siku mbili baadaye.

Kinyesi kilichoganda nyuma

Huyu hutibika kwa urahisi, na kumwacha ni kumuua, maana tundu likiziba hawezi kujisaidia. Lainisha kinyesi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa, kitoe taratibu bila kung'oa manyoya, mkaushe vizuri kabla ya kumrudisha, kisha mpake mafuta kidogo ya kujipaka. Hakikisha unasafisha tundu la haja lililo chini ya mkia, wala si kitovu kilichoko tumboni. Wageni katika ufugaji huvichanganya. Chanzo huwa ni baridi, joto kali, uchovu wa safari, au chakula kisichofaa. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi inayoumiza figo za kifaranga, kwa hiyo anunuliwe chakula chake cha kuanzia hata kama gunia la wakubwa lipo.

Lakini ikiwa wengi wana mharo mweupe kama chokaa, wananyong'onyea na vifo vinaongezeka kadiri siku zinavyokwenda, fikiria ugonjwa wa pulorumu, unaoletwa na aina ya bakteria wa salmonela, ambao kuku jike huurithisha kupitia yai. Hapo mwite afisa mifugo, peleka mizoga mibichi maabara, na nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kushika vifaranga, kwa maana kuku hubeba pia salmonela za aina nyingine zinazowapata watu. Watoto wasiwabusu.

Miguu, vidole na shingo

Miguu inayotanuka pande mbili husababishwa zaidi na sakafu ya utelezi: gazeti, boksi laini, trei ya plastiki. Tandika gunia au taulo kwa siku za kwanza, kisha maranda makavu. Aliyekwisha kutanuka afungwe miguu yote miwili kwa utepe mwembamba wa plasta, ikiachwa nafasi ya kawaida ya kusimama, yaani sentimita mbili hadi tatu, na utepe usibane mishipa. Mifupa yake bado ni laini, kwa hiyo akifungwa ndani ya siku mbili za kwanza hunyooka kwa siku tatu hadi tano. Baada ya wiki, matumaini ni madogo.

Vidole vilivyopinda tangu kuanguliwa hunyooshwa kwa kubandikwa kwenye kipande cha kadibodi chenye umbo la wayo. Vidole vinavyojikunja kuelekea ndani kuanzia wiki ya pili, kifaranga akitembelea vifundo, ni dalili ya upungufu wa vitamini B2, na huweza kurekebishwa kwa vitamini B mchanganyiko kwenye maji kama mishipa ya fahamu haijaharibika. Shingo inayopinda nyuma hadi kifaranga aangalie juu hutokana mara nyingi na upungufu wa vitamini B1, na kuyumba kunakoanza baadaye huweza kutokana na ukosefu wa vitamini E, hasa pale chakula kimekaa muda mrefu na mafuta yake yameoza. Kutetemeka kwa kichwa kwa vifaranga wengi kwa pamoja katika wiki mbili za mwanzo kunaweza kuwa ugonjwa wa virusi usio na tiba, na vitamini hazitaubadilisha.

Kuhema

Kuhema kwa joto huisha mara taa inapoinuliwa. Kusipoisha, nusa maranda: harufu kali inayochoma macho ni amonia, na harufu ya ukungu ni hatari zaidi. Vijimbegu vya ukungu vikivutwa huota ndani ya mapafu, na kifaranga hunyoosha shingo na kufungua mdomo bila kutoa sauti yoyote. Dawa ya bakteria haisaidii hapo. Toa maranda yote, choma, kausha banda. Mkoromo wenye sauti pamoja na makamasi unahitaji mtaalamu wa mifugo, na vifo vya ghafla vya wengi vinahitaji mtaalamu siku hiyo hiyo, kwani kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi, hakingoji.

Wale wasiofaa kuendelea

Kifaranga aliyepashwa joto, akapewa maji, na bado hawezi kusimama wala kudonoa baada ya siku mbili, kwa kawaida haponi, na kuendelea kumlazimisha kumeza ni kumwongezea mateso. Amalizwe haraka na mtu anayejua namna ya kufanya hivyo bila maumivu ya muda mrefu. Waliopona miguu au kitovu wanaweza kukuzwa kwa nyama. Waliopona pulorumu wasibaki kuwa wazazi, kwa sababu hubaki na vijidudu na kuvipitisha kwenye mayai yao.

Awamu ikiisha, pasua mayai yasiyoanguliwa kabla ya kuyatupa. Waliokufa wakiwa kamili, wamegeuza kichwa lakini hawakutoboa, wanazungumzia unyevu na hewa ya siku za mwisho. Pete ya damu tu inazungumzia joto au uhifadhi wa mwanzo. Yakiwa hayana kasoro ya mashine lakini vifaranga dhaifu wanarudi kila awamu, kagua kuku wazazi: kama wanalishwa pumba peke yake, au jogoo mmoja amekuwa akipanda mabinti zake kwa miaka, udhaifu umo ndani ya yai tangu linapotagwa. Badilisha jogoo, wape wazazi chakula chenye vitamini na majani mabichi angalau wiki tatu kabla ya kukusanya mayai, na uoshe mashine kwa sabuni kisha dawa ya kuua vijidudu, ikauke kabisa kabla ya kuiwasha tena.